Printa inameza karatasi tangu masika yaanze: kosa ni la fyuza?

*"Assalaam aleikum fundi. Mimi ni karani katika shule ndogo huku Likoni. Tuna printa ya leza ya wino mweusi pekee, tuliinunua ikiwa imetumika na tunayo mwaka wa tatu sasa. Tokea mvua za masika zianze, karatasi zinakwama, siku nyingine mara kumi kabla ya saa sita mchana. Mara inavuta mbili tatu kwa pamoja, mara inalia trrr-trrr bila kuvuta chochote, na mara inasema karatasi imekwama, nikifungua sioni kitu. Zile zinazokwama kweli nazikuta mwanzoni, chini ya katriji, kona moja imejikunja. Maandishi nayo yanafifia katikati ya ukurasa. Nimebadilisha katriji, hali ni ile ile. Karatasi tunanunua mjini, tunavuka nazo feri na kuziweka stoo. Naziona zimelegea, kwa hiyo naanika juani kabla ya kutumia. Rola nimeifuta kwa petroli na kuikwaruza kwa msasa. Ikatulia siku mbili kisha ikazidi. Fundi mmoja amesema fyuza imekufa, na bei aliyotaja inakaribia bei ya printa nyingine iliyotumika. Mitihani ya mwisho wa muhula ni wiki ijayo. Nitengeneze au tununue nyingine?"*

Waalaikum salaam dada yangu. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na nakushukuru kwa kueleza karatasi inakwama wapi, maana watu wengi huniambia tu "printa haifanyi kazi" na hapo huwa sina pa kuanzia. Kabla ya jambo lolote, usilipe pesa ya fyuza. Maneno yako mwenyewe yanaitetea.

Fyuza, kwanza, si fyuzi ya umeme, ingawa majina yanakaribiana na nimewaona watu wakienda duka la vifaa vya umeme kuiulizia. Ni jiko la printa. Ndani yake kuna rola mbili zinazobanana, moja ikipashwa moto hadi karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Tona ni unga, na sehemu kubwa ya unga huo ni plastiki. Karatasi ikipita katikati ya rola hizo, unga unayeyuka na kushikana na nyuzi za karatasi. Kwa hiyo fyuza hukaa mwisho wa safari, karibu kabisa na mlango wa kutokea. Ikiharibika, karatasi hukwama huko nyuma, mara nyingi ikiwa imejikunjakunja kama upepeo, au hutoka lakini ukipitisha kidole juu ya maandishi yanafutika. Wewe hukutaja hata kimoja katika hivyo. Karatasi zako zinakwama chini ya katriji, hazijafika jikoni bado. Ni kama chungu hakijapanda mekoni, na mtu ameshaanza kulilaumu jiko.

Tuirudie safari ya karatasi tangu mwanzo, kwa sababu ukishaielewa utaweza kujitibia nusu ya matatizo haya. Karatasi zimelala kwenye trei. Juu yake kuna rola fupi ya mpira, mafundi mjini huiita pikapu, ambayo huzunguka na kuivuta ile ya juu. Chini yake, ikisukumwa na springi, kuna kipande bapa cha mpira au kitu mfano wa kizibo cha chupa ya mvinyo: hiyo ni padi ya kutenganisha. Karatasi ikishapita hapo hupokewa na rola mbili za kuinyoosha, ikapita chini ya dramu, ile silinda iliyo ndani ya katriji, na kupokea unga, ikaingia kwenye fyuza, ikatoka. Kwa printa inayotoa kurasa 20 kwa dakika, kila ukurasa una sekunde tatu tu. Karatasi inakimbia sentimita kama kumi kwa kila sekunde, na njiani kuna sensa zinazoihesabia muda.

Hapo kwenye rola na padi ndipo ulipo ugonjwa wako, na nataka tukae hapo kidogo.

Karatasi moja hutoka peke yake kwa sababu ya mikwaruzano mitatu inayoshindana. Wa kwanza ni kati ya rola na karatasi ya juu, na huo lazima uwe mkubwa kuliko yote. Wa pili ni kati ya padi na karatasi inayoigusa, nao uwe wa kati. Wa tatu ni kati ya karatasi na karatasi, nao uwe mdogo kuliko yote. Mpangilio huo ukikaa sawa, rola inaivuta ya juu, padi inaizuia ya pili, na mambo yanakwenda. Rola ikizeeka na kuwa laini inayong'aa, ule wa kwanza unapungua: rola inazunguka, karatasi haisogei, ndiyo hiyo trrr-trrr unayoisikia. Padi ikilika, wa pili unapungua: zinatoka mbili tatu. Na karatasi zikinywa unyevu, wa tatu unapanda kwa sababu karatasi zinashikana zenyewe kwa zenyewe, nazo pia zinatoka mbili tatu. Kwako, dada yangu, yote matatu yametokea kwa wakati mmoja. Ndiyo maana inaonekana kama printa imerogwa.

Sasa kuhusu petroli na msasa. Sikulaumu, maana hata mafundi hufanya hivyo, na zile siku mbili za nafuu ndizo zinazodanganya. Petroli inaondoa vumbi na ule uso wa juu unaong'aa, hivyo rola inashika kidogo. Lakini inaingia ndani ya mpira, inauvimbisha, na ikikauka inauacha mgumu kuliko ulivyokuwa. Msasa nao unaparura uso mpya, lakini unapunguza unene wa rola, na mkono wa mtu haukwaruzi sawasawa pande zote. Upande mmoja ukiwa mwembamba kuliko mwingine, karatasi inaondoka upande, inafika kwenye rola za kunyoosha ikiwa imekaa mshazari, na kona moja inajikunja. Ile kona unayoikuta imejikunja ina uwezekano mkubwa wa kuwa kazi ya msasa. Kabla ya kuamini hivyo, lakini, angalia vile vizuizi vya pembeni kwenye trei: viguse karatasi bila kuibana. Vikiwa vimelegea, hata rola mpya itavuta upande.

Jipime mwenyewe. Zima printa, chomoa waya ukutani, subiri nusu saa ipoe. Toa katriji na uifunike kwa leso au kitambaa kizito, kwa sababu dramu huharibiwa na mwanga. Utaona rola ya pikapu mbele yako. Usiguse ile rola nyeusi laini kama sponji iliyo nyuma zaidi. Mafuta ya kidole yanabaki juu yake na yataonekana kwenye kurasa zako. Weka kidole gumba kikavu juu ya pikapu, bonyeza taratibu, kisha kivute pembeni. Mpira mzima unakikamata kidole, unahisi ngozi inavutika nayo na unasita kukiachia. Mpira uliokufa unakiachia kidole kiteleze kama juu ya kigae. Itazame pia kwenye mwanga: rola nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mifereji midogo, na ikiwa katikati imelika kama tairi ya matatu iliyoisha kashata, jibu umelipata.

Kama bado inakamata kidole, isafishe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa kwa maji safi na kukamuliwa sana, kisha iache ikauke kabisa kabla ya kurudisha umeme. Maji yanatosha mara nyingi, kwa kuwa uchafu mwingi wa pale ni vumbi la karatasi. Ukikuta gundi, tumia spiriti ya isopropili. Jihadhari na spiriti za kusafishia vidonda, baadhi yake zimetiwa mafuta, na mafuta ndicho kitu cha mwisho unachotaka kwenye rola hii.

Kama inateleza, nunua rola na padi. Nunua zote mbili pamoja. Rola mpya juu ya padi iliyolika huvuta karatasi kwa nguvu zaidi bila mtu wa kuzizuia, na mtu anarudi dukani akisema amepewa rola mbovu. Ni vipuri vya bei ndogo sana ukilinganisha na fyuza, na kwa printa nyingi ndogo rola yenyewe huchomoka kwa vibanio viwili bila bisibisi. Nenda nayo mkononi ile ya zamani, uzilinganishe upana na kipenyo pale pale kaunta.

Tuje kwenye karatasi, na hapa nataka uniamini kwa sababu huku kwetu Pwani nusu ya printa ninazoitiwa hazina ugonjwa wowote, zimelishwa karatasi mbaya tu. Karatasi ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 hivi, rimu nzima kilo mbili na nusu. Uzito huo ni nyuzi za mti, na nyuzi za mti hunywa maji kutoka hewani muda wote hadi zilingane na hewa iliyozizunguka. Hewa ya Mombasa wakati wa masika, hasa alfajiri, hupita asilimia 80 ya unyevu kwa urahisi, na watengenezaji wengi wa printa huandika kwamba mashine zao zisifanyiwe kazi penye zaidi ya hapo. Rimu iliyofunguliwa hunywa kuanzia kingoni, kingo zinavimba kuliko katikati, na karatasi inapata mawimbi. Ukiipiga kidole haitoi ule mlio mkavu, inatoa sauti ya kitambaa.

Unyevu huo huo ndio unaofifisha maandishi yako. Unga wa tona huhamia kwenye karatasi kwa nguvu ya chaji ya umeme inayowekwa nyuma yake. Karatasi kavu inaishikilia chaji hiyo, iliyolowa inaivujisha. Basi pale penye unyevu zaidi unga hauhami wote, na maandishi yanatoka yamepauka kwa mabaka. Ulipobadilisha katriji hali ikabaki ile ile kwa sababu katriji haikuwa na kosa. Ile ya zamani usiitupe, irudishe uijaribu na karatasi kavu; huenda bado ina unga wa mwezi mzima.

Kuanika juani hakusaidii. Jua linakausha upande mmoja na ile karatasi ya juu, zilizo chini zinabaki vile vile, na karatasi inajikunja kama jani la mkungu. Iliyokauka kupita kiasi nayo hubeba umeme tuli na kuganda na mwenzake. Na usizichanue kama karata kabla ya kuziweka kwenye trei. Sote tulifundishwa hivyo, lakini kwa printa za leza za siku hizi kuchanua huzidisha umeme tuli huo huo. Shika rundo pande mbili, lipinde liwe kama herufi U, lipinde tena kinyume, ligonge mezani lilingane, basi. Zikitoka zimejikunja, geuza rundo juu chini kwenye trei. Karatasi ina upande wake, na mara nyingi kuigeuza tu kunatosha.

Stoo yenu sijaiona, lakini najua stoo za shule: rimu ziko sakafuni, zimeegemea ukuta. Saruji hupitisha unyevu. Ziinueni juu ya ubao, ziacheni hatua moja na ukuta, na msivue ile karatasi ya kufungia mpaka siku ya kutumia, kwa sababu imetengenezwa kuzuia unyevu. Mkivuka feri mvua ikinyesha, rimu zikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, si wazi juu ya mkokoteni. Iliyofunguliwa ikae kwenye ndoo au boksi la plastiki lenye kifuniko. Trei ya printa usiilaze na karatasi usiku. Jioni zitoe, zirudishe kwenye boksi.

Limebaki lile la printa kusema imekwama na ndani hamna kitu. Zile sensa nilizotaja, nyingi ni ulimi mdogo wa plastiki nyeusi, mwembamba karibu na njiti ya kiberiti. Karatasi ikipita inaulaza, ikishapita unainuka. Printa haioni karatasi, inaona ulimi. Ulimi ukichelewa kulazwa kwa sababu rola iliteleza, printa inahesabu muda umepita na kutangaza imekwama. Ulimi usipoinuka, inatangaza vile vile. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja kisiwani ambako walikuwa wameshaamua kuinunulia printa ubao mpya wa umeme. Nilimulika tochi ya simu, nikaona kipande cha karatasi kisichozidi ukucha, kina robo ya muhuri wa bluu, kimekaa chini ya ulimi. Nilikitoa kwa kibanio cha nyusi. Mtu alikuwa amevuta karatasi iliyokwama kwa hasira, ikachanika, kipande kikabaki.

Kwa hiyo ikikwama tena, usivute kwanza. Zima, fungua, tazama imefika wapi, ikiwezekana piga picha. Kisha ivute kwa mikono miwili, pande zote mbili sawasawa, kuelekea upande inakokwenda ukiweza. Ikitoka, ilaze mezani uhakikishe ina kona zote nne. Ikikosa kipande, kipande hicho kiko ndani na kitakusumbua kesho. Kumwagika kwa unga kukitokea, futa kwa kitambaa kikavu. Mkononi tumia maji baridi, kwa kuwa ya moto yanayeyusha plastiki ile na kuigandisha. Fagio la umeme la nyumbani usilitumie, chembe za tona ni ndogo kiasi cha kupita kwenye chujio lake na kurudi hewani.

Umeuliza utengeneze au ununue. Kwa hali uliyoeleza, ningetengeneza: rola, padi, na utunzaji wa karatasi. Ukishafanya hayo ikaendelea kukwama mahali pale pale, kuna jambo la pili la kumpelekea fundi, labda springi ya padi au gia inayoiendesha pikapu. Ningenunua nyingine iwapo kweli fyuza ingekuwa imekufa na bei yake imefikia nusu ya mashine, kwa sababu printa iliyonunuliwa ikiwa imetumika haina kipuri kimoja tu kilichochoka. Lakini nakuonya kwa nia njema: printa nyingine mkiilisha karatasi za stoo ile, masika yajayo utaniandikia swali hili hili.

Yapo mambo ambayo usiyaguse mwenyewe. Harufu ya kuungua, moshi, au printa kuangusha swichi kuu ya nyumba. Mlio mkavu wa ka-ka-ka unaofuata mzunguko, hiyo ni gia iliyovunjika jino. Karatasi iliyozunguka ndani ya fyuza: usiifukue kwa bisibisi wala kisu, kwenye printa nyingi ndogo rola ya moto imevikwa utando mwembamba, na mkwaruzo mmoja unauchana, ndipo fyuza inapokufa kweli. Na usifungue vifuniko vyenye skrubu, humo kuna volti 240. Ukimwita fundi, muombe akuonyeshe karatasi iliyokwama kwenye fyuza, au alama inayojirudia kwenye ukurasa, kabla ya kutaja kipuri. Fundi mwaminifu hatakasirika. Akibadilisha kitu, kile cha zamani akuachie.

Kwa mitihani ya wiki ijayo, ikiwa rola haitapatikana kwa wakati, fanya hivi. Safisha rola kwa maji kama nilivyoeleza jioni ya leo. Kesho, fungua rimu mpya saa nne au saa tano, hewa ikiwa imekauka kidogo, si alfajiri. Weka karatasi 30 kwa mara moja, trei isijae, kwa sababu rola iliyochoka huvuta vizuri zaidi rundo likiwa jepesi. Kwenye mipangilio ya kompyuta tafuta aina ya karatasi, chagua ile nyepesi zaidi. Fyuza itapunguza joto na karatasi hazitajikunja sana. Ukiona maandishi yanafutika kwa kidole, irudishe ya kawaida. Chapa darasa moja, pumzisha mashine dakika kumi, endelea na jingine. Ile rimu iliyokwisha kulegea wape walimu waandikie rasimu kwa mkono. Kwa kalamu ya wino wa mpira haina neno lolote.